Mlango wa Strasbourg

Tarehe 4 Novemba 1950, katika jumba la Barberini mjini Roma, mawaziri wa nchi kumi na mbili za Baraza la Ulaya walitia saini mkataba ambao hadi leo hutajwa kila panapozungumzwa haki za binadamu katika bara hilo. Yaliyoandikwa humo yalikuwa mazuri, lakini hayakuwa mapya: haki ya kuishi, kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kutowekwa ndani bila sababu ya kisheria, kusikilizwa na mahakama isiyopendelea, kuabudu, kusema, kukutana na wenzako. Mengi yalikuwa yamekwisha kutangazwa na Umoja wa Mataifa mjini Paris miaka miwili nyuma, na mengine yalikuwamo katika katiba za nchi ambako watu walichukuliwa usiku na kupelekwa makambini. Katiba ya Ujerumani ya mwaka 1919 ilikuwa na sehemu nzima ya haki za raia, na vifungu vyake vikuu vilisimamishwa kwa amri moja tu ya Februari 1933. Kwa hiyo anayetaka kujua ni nini hasa kinachomlinda mtu wa Ulaya dhidi ya serikali yake asiishie kwenye orodha ya haki. Aulize jambo moja: je, mtu wa kawaida, asiye na cheo wala dola nyuma yake, anaweza kusimama mbele ya majaji wa nje akaishtaki nchi yake mwenyewe? Mwaka 1950 jibu lilikuwa hapana, mpaka nchi yenyewe ipende. Historia ninayoisimulia ni ya namna jibu hilo lilivyobadilika. Naamini kwamba Ulaya haikufikishwa hapo na ustaarabu wake. Ilisukumwa, hatua kwa hatua, na popote mlango huo ulipobaki umefungwa, haki zilizoandikwa hazikumfaa mtu.

Walioupigania mkataba huo walikuwa wamekiona cha moto. Pierre-Henri Teitgen, mwanasheria Mfaransa, alikamatwa na Gestapo mwaka 1944 akatoroka kutoka kwenye treni. Baba yake alifungwa Buchenwald. David Maxwell Fyfe, Mwingereza, ndiye aliyembana Hermann Göring kwa maswali kizimbani Nuremberg. Katika kikao cha kwanza cha Baraza la Ulaya mjini Strasbourg, mwaka 1949, Teitgen alieleza kwamba udikteta hauingii kwa siku moja. Hunyakua uhuru mmoja baada ya mwingine, leo magazeti, kesho mahakama, na wananchi wanapogutuka wamekwisha kuchelewa. Alitaka pawepo mahali nje ya nchi ambapo kengele ingepigwa mapema, na mpigaji awe mtu yeyote aliyeonewa. Rasimu ilipotoka kwa wabunge na kuingia mikononi mwa maofisa wa serikali, ikanyofolewa uti wa mgongo. Haki ya mtu binafsi kupeleka malalamiko ikawa ya hiari ya kila nchi, na mamlaka ya mahakama vivyo hivyo. Waliong'ang'ania zaidi marekebisho hayo walikuwa serikali ya Uingereza chini ya Clement Attlee, serikali ya chama cha wafanyakazi, na sababu yao moja kubwa haikuwa Ulaya hata kidogo. Ofisi ya Makoloni mjini London iliona wazi kwamba wakipewa watu binafsi haki ya kulalamika, malalamiko yangemiminika kutoka Afrika na Asia.

Hapo ndipo historia hii inapotuhusu moja kwa moja. Mkataba ulikuwa na kifungu kilichoiruhusu nchi yenye makoloni kuamua kama haki hizo ziwafikie watawaliwa wake au la. Léopold Sédar Senghor, aliyekuwa mjumbe katika msafara wa Ufaransa, alisimama Strasbourg Agosti 1950 akaonya kwamba kwa kifungu hicho tamko la haki za binadamu lingegeuka kuwa tamko la haki za Wazungu. Mawaziri hawakumsikiliza. Hata hivyo Uingereza, kwa kutaka sifa njema, iliufikisha mkataba katika makoloni yake zaidi ya arobaini tarehe 23 Oktoba 1953, na katika orodha hiyo zimo Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Wengi wetu hatukufundishwa jambo hili shuleni. Kwa miaka kadhaa kabla ya uhuru, babu na bibi zetu walikuwa wanalindwa, kwenye karatasi, na Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Walichonyimwa ni haki ya kulalamika. Mkulima wa Nyeri aliyepigwa na askari alikuwa na haki ya kutoteswa chini ya ibara ya tatu, na hakuwa na ofisi hata moja duniani ya kuipelekea barua kuhusu ibara hiyo.

Kenya ilikuwa katika hali ya hatari tangu Oktoba 1952. Mwaka 1954 London iliiarifu Strasbourg kwamba kwa ajili ya hali hiyo itaachana kwa muda na baadhi ya wajibu wake, kama mkataba unavyoruhusu. Lakini mkataba huohuo unasema waziwazi kwamba marufuku ya mateso haiachwi hata vitani. Mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alijua sheria inasemaje. Mwaka 1957, katika barua kwa Gavana Evelyn Baring kuhusu namna ya kuwapiga wafungwa wa Mau Mau, alishauri kwamba ikiwa lazima watende dhambi, basi waitende kimyakimya. Mwishoni mwa Februari 1959 majaji wa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu walikutana kwa mara ya kwanza. Siku chache baadaye, tarehe 3 Machi, askari wa gereza katika kambi ya Hola, karibu na mto Tana, waliwapiga kwa virungu wafungwa waliokataa kazi ya kulazimishwa, wakawaua kumi na mmoja. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema watu hao walikufa baada ya kunywa maji. Sheria ilikuwepo, na sasa mahakama nayo ilikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kutoka Hola hadi kwenye mahakama hiyo. Nchi nyingine mwanachama ingeweza kuishtaki Uingereza, kama Ugiriki ilivyofanya mwaka 1956 kwa ajili ya Kupro, lakini watu wa Kenya hawakuwa na ndugu miongoni mwa serikali za Ulaya. Haki yao ilikuja kuguswa baada ya zaidi ya nusu karne, na mbele ya mahakama ya London. Wazee wachache walifungua kesi huko, serikali ikalazimika kukiri kwamba ilificha maelfu ya majalada ya kikoloni, na Juni 2013 ikakubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo. Wengi waliostahili walikuwa wamekwisha zikwa.

Mbinu zenyewe hazikuzikwa. Mwaka 1971 jeshi na polisi wa Uingereza huko Ireland ya Kaskazini waliwateua wanaume kumi na wanne kati ya waliowekwa kizuizini, wakawahoji kwa namna ya pekee. Walisimamishwa kwa saa nyingi mbele ya ukuta, miguu imetanuliwa, uzito wa mwili umeegemezwa kwenye ncha za vidole, walivishwa mifuko myeusi kichwani, walipigiwa kelele nzito isiyokatika, walinyimwa usingizi, walipunguziwa chakula na maji. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Parker ulisema mwaka 1972 kwamba mbinu hizo zilikuwa zimetumika, zote au baadhi, katika kuzima maasi Palestina, Malaya, Kenya na Kupro. Yaani yaliyofanywa kwa Mwafrika asiye na pa kulalamika yalirudi na kufanywa kwa raia wa Ulaya ndani ya Ulaya. Tofauti ni kwamba safari hii palikuwa na wa kushtaki. Jamhuri ya Ireland ilifungua shauri, na Uingereza ikaahidi mbele ya majaji mwaka 1977 kwamba haitazitumia tena. Hukumu ya Januari 1978 ilisema vitendo hivyo ni vya kinyama na vya kudhalilisha, ingawa ilikataa kuviita mateso, na uamuzi huo wa kupunguza makali bado unawauma waathirika. Ombi la kuupitia upya lilikataliwa mwaka 2018. Naona majaji walikosea, maana Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyochunguza kabla yao, ilikuwa imesema mateso, tena ikiwa imewasikiliza mashahidi yenyewe. Lakini hata hukumu iliyokosea hivyo ilifanya jambo ambalo Hola haikulipata: iliiweka serikali kizimbani, ikailazimisha kutoa maelezo.

Nchi nazo ziliufungua mlango kwa kusitasita. Sweden, Denmark, Ireland na Iceland zilikubali malalamiko ya watu binafsi mapema, na Julai 1955, Ujerumani Magharibi na Ubelgiji zilipojiunga nazo, idadi ya sita iliyotakiwa ikatimia na Tume ikaanza kupokea barua. Uingereza ilikubali Januari 1966, wakati sehemu kubwa ya himaya yake ya Afrika ilikuwa imekwisha kuondoka mikononi mwake. Ufaransa, ambako Teitgen alitoka, haikuridhia hata mkataba wenyewe mpaka 1974, na ikawaruhusu raia wake kulalamika mwaka 1981, wakati Robert Badinter akiwa waziri wa sheria. Kati ya 1954 na 1962 ilikuwa vitani Algeria, na serikali inayowatesa watu haina haraka ya kuwaonyesha njia ya kwenda mahakamani. Uturuki ilikubali 1987. Mahakama yenyewe, katika miaka yake kumi ya kwanza, haikufikisha hukumu ishirini, na mwanzoni wengi walidhani ingekufa kwa kukosa kazi.

Kesi iliyoonyesha kwamba mfumo una meno ilitoka Ugiriki. Makoloneli walipopindua serikali Aprili 1967, Denmark, Norway, Sweden na Uholanzi ziliwashtaki, bila kuwa na mali wala raia wao wa kutetea huko. Tume ilikusanya ushahidi wa kipigo cha falanga, yaani kuchapwa nyayo kwa fimbo au chuma hadi mtu ashindwe kusimama, na ikathibitisha kwamba polisi wa usalama mjini Athens waliufanya kuwa desturi. Desemba 1969 serikali ya makoloneli iliona inakaribia kufukuzwa, ikajitoa yenyewe katika Baraza la Ulaya. Haikuanguka siku hiyo; iliangushwa na mambo mengine mwaka 1974. Ila tangu wakati huo ilieleweka kwamba nchi haiwezi kutesa watu na kuendelea kukaa meza moja na wenzake.

Hata hivyo nguvu kubwa zaidi ya mahakama ilitoka kwa watu wadogo waliokuja na mambo yaliyoonekana madogo. Mwaka 1972, katika kisiwa cha Man, mvulana wa miaka kumi na mitano aliyempiga mwanafunzi mwenzake alihukumiwa kuchapwa fimbo tatu. Alivuliwa suruali na chupi, akainamishwa juu ya meza, polisi wawili wakamshika na wa tatu akamchapa. Pigo la kwanza lilivunja vipande vya fimbo. Baada ya la tatu baba yake alimrukia mmoja wa polisi, ikabidi azuiwe. Majaji wa Strasbourg walisema mwaka 1978 kwamba hiyo ni adhabu ya kudhalilisha, na wakaongeza jambo lililobeba hukumu nyingi zilizofuata: mkataba husomwa kwa macho ya leo, si kwa macho ya waliouandika. Mwaka uliofuata alikuja Bi Airey wa Cork, Ireland, aliyetaka mahakama imtenganishe kisheria na mume mlevi aliyempiga. Kesi kama hiyo ilisikilizwa Mahakama Kuu tu, na wakili aligharimu mamia ya pauni ambazo hakuwa nazo. Serikali ikajibu kwamba hakuna aliyemkataza. Angeweza kujitetea mwenyewe. Majaji wakaangalia takwimu za nchi hiyo: kati ya mashauri 255 ya aina hiyo kwa miaka saba, hakuna hata moja lililofunguliwa bila wakili. Haki, wakasema, lazima iwe ya kutumika kweli, isiwe ya kusomwa tu, na Ireland ikaanzisha msaada wa kisheria kwa kesi za madai. Mmoja wa mawakili wa Bi Airey alikuwa Mary Robinson, aliyekuja kuwa rais wa nchi hiyo na baadaye kamishna wa Umoja wa Mataifa wa haki za binadamu. Mwaka huohuo Ubelgiji ilishindwa na mama asiyeolewa ambaye sheria ilimtaka afanye taratibu maalumu ndipo atambuliwe kuwa mama wa mtoto aliyemzaa mwenyewe. Hakuna bunge lililokuwa na haraka na watu hawa. Hawakuwa na kura za kutosha kumtisha mwanasiasa yeyote.

Kuna kesi nyingine ya miaka hiyo ambayo lazima itajwe, kwa sababu inaonyesha mlango ulivyoweza kufungwa hata baada ya mtu kuuvuka. Mwaka 1968, Wahindi wa Kenya na Uganda waliokuwa na pasipoti za Uingereza walipoanza kuondoka kwa sera za kuwapa Waafrika kazi na biashara, bunge la London lilipitisha kwa siku chache tu sheria ya kuwazuia wasiingie, isipokuwa mwenye mzazi au babu aliyezaliwa, kwa mfano, Uingereza kwenyewe. Kwa maneno mengine, pasipoti ileile ilikuwa na thamani kwa mweupe na haikuwa nayo kwa mwenye asili ya Gujarat au Punjab. Thelathini na mmoja walilalamika Strasbourg. Tume ilimaliza ripoti yake Desemba 1973, ikasema kuhusu raia ishirini na watano kati yao kwamba kubagua kundi la watu hadharani kwa sababu ya rangi kunaweza kuwa udhalilishaji wenyewe. Ni moja ya kauli nzito zaidi kuwahi kutolewa juu ya ubaguzi wa rangi na chombo cha Ulaya. Lakini shauri halikupelekwa mahakamani. Lilikwenda kwa Kamati ya Mawaziri, yaani kwa wawakilishi wa serikali zilezile, nayo mwaka 1977 ikaamua hakuna la kufanya zaidi. Ripoti ilifungiwa kabatini hadi 1994. Nionavyo mimi, hakuna ushahidi bora kuliko huu wa kwa nini hakimu asiwe serikali.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka, nchi za mashariki zikaingia kwa wingi, na tarehe 1 Novemba 1998 Itifaki ya 11 ikaanza kutumika. Tume ikaondolewa, mawaziri wakavuliwa mamlaka ya kuamua kesi, na haki ya mtu kulalamika moja kwa moja mahakamani ikawa ya lazima kwa kila nchi mwanachama. Miaka arobaini na minane baada ya Roma, wazo la Teitgen likatimia. Mwaka huohuo, mwezi Juni, nchi za Afrika zilikutana Ouagadougou na kupitisha itifaki ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo leo iko Arusha. Katika ibara yake ya 34(6) walirudisha kilekile Ulaya ilichokuwa inakiondoa: mtu binafsi hawezi kuishtaki nchi yake mpaka nchi hiyo iwe imetoa tamko la kukubali. Kenya haijatoa tamko hilo kamwe. Tanzania ilitoa mwaka 2010, na mashauri mengi kuliko ya nchi nyingine yoyote yakaja kutoka kwa raia wake, wengi wao wafungwa waliodai kesi zao hazikuendeshwa kwa haki. Novemba 2019 serikali ilitoa taarifa ya kujiondoa. Wiki moja baadaye mahakama ikatoa hukumu kwamba adhabu ya kifo ya lazima kwa mauaji nchini Tanzania inakiuka haki ya kuishi. Tangu mwisho wa 2020 Mtanzania hawezi tena kupeleka shauri jipya huko peke yake, ingawa jengo liko nchini mwake. Rwanda ilitangulia mwaka 2016. Hoja zinazotolewa Dodoma na Kigali, kwamba mahakama inaingilia mamlaka ya taifa, zilitolewa London na Paris kwa miongo kadhaa, na zinafanana mno kuliko wanavyopenda kukiri wanaozitoa pande zote mbili.

Hoja hiyo ya mamlaka ya taifa inastahili jibu la haki, kwa kuwa si ya watawala wabaya peke yao. Inauliza: kwa nini majaji ambao hakuna aliyewapigia kura watengue sheria ya bunge lililochaguliwa? Jibu la kwanza ni kwamba nchi hizo zilijiunga kwa hiari zao na kwa sheria zao. La pili, lenye uzito zaidi, ni kwamba wingi wa kura unalinda wengi, na haki hizi ziliandikwa kwa ajili ya wasioweza kushinda uchaguzi. Chukua mji wa Ostrava katika Jamhuri ya Cheki. Mwishoni mwa miaka ya tisini watoto wa jamii ya wachache iitwayo Roma walikuwa asilimia 2.26 ya wanafunzi wote wa shule za msingi mjini humo, lakini katika shule maalumu za watoto wenye upungufu wa akili walikuwa 762 kati ya 1,360. Hakuna upungufu wa akili unaochagua kabila kwa kiwango hicho. Mitihani ya kupima akili ilitungwa kwa watoto wa lugha na maisha mengine. Watoto kumi na wanane walishtaki, wakashindwa mbele ya jopo la kwanza mwaka 2006. Serikali ilisema wazazi walitia saini kukubali. Novemba 2007 Jopo Kuu liligeuza uamuzi kwa kura 13 dhidi ya 4, likasema kutobaguliwa kwa asili si haki ambayo mzazi anaweza kuiachia kwa saini. Hakuna uchaguzi ambao watu wa jamii hiyo huko Ostrava wangeshinda wakapata matokeo hayo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sina jibu kamili. Mlango umefunguliwa, lakini je, wote wanaoingia wanapimwa kwa mizani moja? Mwaka 2001 mahakama ilikataa malalamiko ya mwalimu Mwislamu wa Geneva aliyekatazwa kuvaa hijabu darasani, kwa hofu kwamba ingewashawishi watoto. Mwaka 2005 ilikubali marufuku ya hijabu katika chuo kikuu cha Istanbul, na mwaka 2014 marufuku ya Ufaransa ya kufunika uso hadharani, kwa hoja ya kuishi pamoja. Katikati yake, mwaka 2011, iliamua kwamba msalaba ukutani mwa madarasa ya Italia ni ishara tulivu isiyomlazimisha mwanafunzi kitu. Mtu akisoma hukumu hizi kwa mfululizo na kuhisi kwamba dini moja inahesabiwa utamaduni na nyingine inahesabiwa tishio, siwezi kumwambia anajidanganya. Katika kesi ya Istanbul jaji mmoja tu kati ya kumi na saba, Françoise Tulkens wa Ubelgiji, alikataa, akisema hofu isiyo na ushahidi haitoshi kumnyima mwanamke mtu mzima chaguo lake. Ninachoweza kusema ni kwamba haki ya kusikilizwa haimaanishi haki ya kushinda, na kwamba kutendewa vibaya kwa hukumu iliyoandikwa, yenye sababu zinazoweza kusomwa na kupingwa, na yenye maoni ya jaji aliyekataa yakiwa yameambatishwa, kunaacha njia ya kurudi. Wanawake hao walishindwa kwa hoja dhaifu, na udhaifu wake unaonekana kwa kila anayejua kusoma.

Wengine husema mahakama haina jeshi, kwa hiyo ni kelele tupu. Urusi ilijiunga na Baraza la Ulaya mwaka 1996, na kuanzia 2005 ilishindwa mara nyingi katika kesi za ndugu wa watu waliouawa au kupotezwa Chechnya. Ililipa fidia, mara nyingi bila kubisha, na haikuwashika wauaji. Mwaka 2015 ilijitungia sheria ya kukataa hukumu isizozipenda, na Machi 2022, baada ya kuivamia Ukraine, ikafukuzwa, ikiacha maelfu ya mashauri ya raia wake yakisubiri. Ni kweli basi kwamba hukumu peke yake haiizuii serikali iliyoazimia. Lakini kwa nchi arobaini na sita zilizobaki zipo hukumu zaidi ya elfu ishirini zilizowahi kutolewa, na nyingi zilibadilisha sheria, magereza na taratibu za polisi bila askari hata mmoja kutumwa, kwa kuwa gharama ya kuonekana umekaidi ilizidi gharama ya kutii. Mama wa Chechnya aliyelipwa fidia bila muuaji kukamatwa hakupata haki. Alipata, hata hivyo, maandishi rasmi yanayosema kwamba dola ndiyo inayowajibika kwa kifo cha mwanawe, kitu ambacho mahakama za nchi yake zilikataa kumpa.

Jaribio kubwa la sasa liko baharini. Tarehe 6 Mei 2009, maili 35 za baharini kusini mwa Lampedusa, meli za dola ya Italia zilizuia mashua zilizojaa wahamiaji, zikawapandisha watu na kuwarudisha Tripoli bila kuwauliza majina wala kuwaambia wanakokwenda. Wasomali kumi na mmoja na Waeritrea kumi na watatu kati yao walishtaki. Italia ilisema hilo lilikuwa jambo la uokoaji katika bahari kuu, nje ya mipaka yake. Februari 2012 Jopo Kuu lilijibu kwamba aliye ndani ya meli ya Italia, chini ya ulinzi wa askari wa Italia, yuko chini ya mamlaka ya Italia, na likaamuru kila mmoja alipwe euro 15,000. Ulikuwa ushindi mkubwa: watu wa Mogadishu na Asmara walipita mlango ambao watu wa Hola hawakuuona. Serikali zikajifunza somo lao. Tangu 2017 Italia, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, huwapa walinzi wa pwani wa Libya boti, mafunzo na fedha ili wao ndio wawashike watu na kuwarudisha kwenye vizuizi vinavyojulikana kwa mateso, pasipo mkono wa Mzungu kumgusa yeyote. Shauri kuhusu tukio la Novemba 2017, ambapo watu walizama huku boti ya Libya iliyotolewa na Italia ikiwa hapohapo, lilikataliwa na mahakama mwaka 2025 kwa sababu Italia haikuwa na udhibiti wa eneo hilo la bahari. Kisheria uamuzi huo unaweza kutetewa. Kihistoria unarudisha utaratibu wa mwaka 1953, wa kumpa mtu haki na kumweka mahali ambapo hawezi kuidai. Mei 2025 serikali tisa za Ulaya zilitoa barua ya wazi zikitaka mahakama ilegeze masharti yake katika mambo ya wahamiaji. Zilizoongoza zilikuwa Italia na Denmark, na Denmark ni mojawapo ya nchi nne zilizowashtaki makoloneli wa Athens mwaka 1967 kwa ajili ya watu ambao hawakuwa raia wake.